Weupe wa Namna Tatu Kinywani mwa Mtoto

Foleni ya kliniki ya mama na mtoto huanza kabla jua halijapanda. Miongoni mwa wanaosubiri kwenye benchi yumo mama kijana aliyempakata kichanga wa wiki tatu. Pembeni yake ameketi bibi wa mtoto, aliyekuja kutoka kijijini kumlea mzazi. Kati yao amesimama kaka wa kichanga, mtoto ambaye bado hajatimiza miaka mitatu, naye ananyonya chupa ya juisi taratibu, kama afanyavyo kutwa nzima.

Wamekuja kwa sababu ya kichanga. Ulimi wake na mashavu yake kwa ndani vimefunikwa na utando mweupe, na kwa siku mbili ananyonya kwa shida. Bibi ameusugua utando huo kwa kitambaa chenye maji ya chumvi. Haukutoka, ila umeacha sehemu nyekundu. Jirani naye amechungulia akaona vitu vyeupe vinavyong'aa juu ya ufizi, akashauri mtoto apelekwe kwa fundi wa kung'oa “meno ya plastiki” kabla mambo hayajaharibika.

Tukio la namna hii si geni kwa mtu yeyote anayehudumu katika kliniki za watoto. Ndani ya familia hiyo moja mmekutana weupe wa namna tatu. Wa kwanza uko ulimini mwa kichanga. Wa pili uko kwenye ufizi wake. Wa tatu, ambao hakuna aliyeutaja, uko kwenye meno ya mbele ya kaka yake: mstari mwembamba, mfano wa chokaa, unaofuata ukingo wa ufizi. Weupe wa kwanza hutibika kwa dawa rahisi. Wa pili hauhitaji dawa yoyote. Wa tatu ndio unaopaswa kuwakosesha wazazi usingizi, nao ndio pekee ambao familia hii haikuja kuuulizia.

Utando wa ulimini

Utando unaofunika ulimi, mashavu na kaakaa la kichanga husababishwa na fangasi aitwaye Candida albicans. Jina lenyewe limebeba rangi yake, kwani maneno hayo mawili ya Kilatini yote yanatokana na weupe. Jina Candida lilitolewa mwaka 1923 na mtaalamu wa Uholanzi, Christine Berkhout. Hata hivyo, miongo kadhaa kabla yake, katika miaka ya 1840, daktari Fredrik Theodor Berg wa Stockholm alikuwa ameshaonyesha kwamba utando wa vichanga huletwa na fangasi.

Fangasi huyu si mgeni mwilini. Huishi katika vinywa, matumbo na njia za uzazi za watu wengi wenye afya pasipo kuwadhuru. Mtoto hukutana naye anapozaliwa, au baadaye kupitia mikono ya walezi, chuchu za mama na vyombo vya kumlishia. Katika majuma ya mwanzo kinga ya mtoto bado ni changa, mate yake ni machache, na wale bakteria wema ambao kwa kawaida humzuia fangasi asitambae bado hawajajijenga. Ndiyo maana utando huu huwapata hata watoto wenye afya njema. Si alama ya uchafu wa mama, wala si ushahidi kwamba maziwa yake yameharibika.

Kuutambua hakuhitaji chombo chochote. Mabaki ya maziwa nayo huacha weupe ulimini, lakini hayo hukaa juu ya ulimi tu na hufutika kwa urahisi. Utando wa fangasi huenea pia ndani ya mashavu, kwenye kaakaa na nyuma ya midomo. Hung'ang'ania, na ukilazimishwa kutoka huacha sehemu nyekundu ambayo yaweza kuvuja damu. Kwa hiyo kuusugua kwa kitambaa, chumvi, majivu au limau ni kumwongezea mtoto maumivu bila kumwondolea ugonjwa, na huenda akakataa kabisa kunyonya. Asali nayo haifai. Mtoto aliye chini ya miezi 12 hapaswi kulambishwa asali hata kidogo, kwa sababu yaweza kubeba mbegu za bakteria Clostridium botulinum. Mbegu hizo zikiota katika utumbo mchanga hutoa sumu inayolegeza misuli, ikiwamo ya kupumulia.

Tiba ipo, na ni nyepesi. Dawa iliyozoeleka ni nistatini ya maji, ambayo historia yake yafaa kukumbukwa. Ilivumbuliwa na wanasayansi wawili wanawake wa Marekani, Elizabeth Lee Hazen aliyefanya kazi jijini New York na Rachel Fuller Brown aliyekuwa Albany. Walitumiana sampuli za udongo na za dawa kwa njia ya posta, hadi walipopata kwenye udongo wa shamba moja huko Virginia kijidudu kinachotengeneza kemikali ya kuua fangasi. Uvumbuzi huo ulitangazwa mwaka 1950, na dawa ikapewa jina linalotokana na jimbo la New York. Mapato ya hataza yake waliyaelekeza kwenye utafiti wa kisayansi.

Kipimo kinachotolewa mara nyingi kwa mtoto ni mililita 1 mara 4 kwa siku, kwa siku 7. Hutolewa baada ya kunyonya, si kabla, na hudondoshwa kidogo kidogo pande zote mbili za kinywa ili ikae juu ya utando badala ya kumezwa mara moja. Kosa la kawaida ni kuiacha pindi weupe unapopotea. Dawa huendelea kwa siku mbili zaidi, la sivyo fangasi waliobaki huanza upya. Dawa ya rangi ya zambarau, ambayo wengi waliijua kwa jina la GV, ilitumika kwa miaka mingi. Isipozimuliwa ipasavyo huchoma ngozi laini ya kinywa, hivyo isitumiwe bila maelekezo ya mhudumu wa afya. Jeli ya mikonazoli nayo haifai kwa watoto wa chini ya miezi 4, kwa kuwa ni nzito na yaweza kumpalia mtoto.

Kinywa cha mtoto na titi la mama hupokezana fangasi. Endapo chuchu za mama zinawasha, zinachoma au zinauma baada ya kunyonyesha, naye atibiwe siku zile zile. Kunyonyesha kusikatizwe. Chupa na chuchu za mpira, kama zinatumika, zioshwe na kuchemshwa kila siku.

Kuna wakati, hata hivyo, utando huu huacha kuwa jambo dogo. Ukirudi mara kwa mara, usipoitikia dawa, ukidumu baada ya majuma ya mwanzo ya maisha au ukianza kwa mtoto aliyekwisha kuwa mkubwa, lazima sababu itafutwe. Huenda mtoto ametumia dawa za kuua bakteria, ambazo huua pia wale bakteria wema. Huenda ana pumu na anatumia dawa ya kuvuta yenye steroidi bila kusukutua baadaye. Huenda ana utapiamlo. Huenda pia ana maambukizi ya VVU: katika mpangilio wa hatua za ugonjwa uliowekwa na Shirika la Afya Duniani (WHO), utando wa fangasi unaodumu baada ya wiki 6 hadi 8 za kwanza humweka mtoto mwenye VVU katika hatua ya 3. Haimaanishi kwamba kila mtoto mwenye utando sugu ana VVU. Maana yake ni kwamba kipimo kisiahirishwe, kwa kuwa mtoto anayeanzishiwa dawa mapema hukua. Na mtoto yeyote anayeshindwa kunyonya, mwenye homa, au anayeonekana kulegea, apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Weupe usiotaka kuguswa

Vichanga wengi huzaliwa na vipele vidogo vyeupe, mfano wa lulu, kwenye kaakaa au juu ya fizi. Ni mabaki ya chembe za ngozi yaliyonaswa wakati kinywa kilipokuwa kikijiumba tumboni mwa mama. Haviumi, havizuii kunyonya, na hupotea vyenyewe ndani ya majuma au miezi michache. Baadaye, jino linapojiandaa kuchomoza, ufizi ulio juu yake huvimba, hung'aa na kuonekana mweupe. Hali hiyo huonekana zaidi mahali pa chonge, meno ambayo vijimbe vyake huufanya ufizi utune mapema.

Uvimbe huo ndio uliopewa jina la meno ya plastiki, au meno ya nailoni, jina lililoenea katika sehemu nyingi za Tanzania tangu miaka ya 1980. Huko Uganda imani inayofanana nayo hujulikana kama ebiino, na desturi ya kuchokoa vijimbe vya meno imeripotiwa pia Kenya, Sudani na Ethiopia. Uvimbe hulaumiwa kwa homa, kuhara na kutapika kwa mtoto. Dawa yake, kwa mujibu wa imani hiyo, ni kuukata na kukichokoa kilichomo kwa kisu, wembe, msumari au spoki ya baiskeli iliyonolewa. Kitu cheupe na laini kinachotoka huonyeshwa kwa mama kama ushahidi. Ushahidi huo ni wa kweli kwa sehemu moja tu: kweli kuna kitu kilichotolewa, lakini si plastiki. Ni jino changa la mtoto mwenyewe, ambalo bado halijakomaa kuwa gumu.

Gharama ya upasuaji huo ni kubwa. Mtoto anayeharisha tayari ameishiwa maji, na sasa anavuja damu pia. Chombo kichafu huweza kumwingizia pepopunda, VVU au bakteria wanaoenea katika damu. Anayepona huweza kukua bila chonge za utoto, au akaota chonge za ukubwani zilizopinda na kuharibika, kwa kuwa mbegu ya jino la ukubwani hulala jirani kabisa na lile la utoto.

Wazazi hawafanyi hivi kwa ukatili. Hufanya hivyo kwa sababu mtoto anaumwa, usiku ni mrefu na zahanati iko mbali, na kwa sababu mambo mawili hutokea kwa wakati mmoja. Fizi huvimba katika kipindi kile kile ambacho kinga aliyoipata mtoto kwa mama yake hupungua, ambacho huanza kulishwa vyakula vingine, na ambacho huokota kila kitu na kukitia mdomoni. Kuhara huletwa na vimelea vilivyomo katika vitu hivyo, si na jino. Mtoto anayeharisha anahitaji maji ya ORS, vidonge vya zinki na kuendelea kunyonya. Mwenye homa anahitaji kupimwa, ikiwa ni pamoja na kupimwa malaria. Ufizi wake uachwe kama ulivyo.

Mstari wa chokaa

Weupe wa tatu hauna makelele. Hauumi, hauzuii kula, na mara nyingi hauonekani mpaka mdomo wa juu uinuliwe kwa kidole. Ni mstari uliofifia, usiong'aa, unaofuata mpaka wa jino na ufizi katika meno manne ya mbele ya juu. Huo ndio mwanzo wa kuoza kwa meno ya utotoni, ugonjwa ambao wataalamu huuhesabu pale jino lolote la utoto linapooza, linapong'olewa au kuzibwa kwa sababu ya kuoza kabla mtoto hajafikisha miaka 6. Katika ripoti yake ya mwaka 2022, WHO ilikadiria kuwa watoto wapatao milioni 514 duniani wana meno ya utoto yaliyooza.

Namna jino linavyooza yaeleweka vizuri. Juu ya meno hujengeka ukoga, yaani tabaka laini la bakteria, akiwemo Streptococcus mutans, ambaye alielezwa kwa mara ya kwanza nchini Uingereza mwaka 1924. Kila mtoto anapopata sukari, bakteria hawa nao hula, na ndani ya dakika chache hutoa asidi inayoyeyusha madini ya jino. Mate huizimua asidi hiyo na kuyarudisha madini, lakini huhitaji muda, pengine nusu saa au zaidi. Kwa hiyo linaloamua mambo si wingi wa sukari peke yake, bali pia idadi ya mara ambazo jino linashambuliwa. Kikombe kimoja cha chai yenye sukari kilichonywewa kwa mara moja hulishambulia jino mara moja. Chai ile ile ikitiwa kwenye chupa na kunyonywa kidogo kidogo tangu asubuhi hadi jioni, jino halipati nafasi ya kujitengeneza.

Usiku hali huwa mbaya zaidi, kwani mtu anapolala mate hupungua sana. Mtoto anayelala na chupa ya juisi, ya uji wenye sukari au ya maziwa yaliyotiwa sukari huacha kidimbwi cha utamu kuzunguka meno yake ya mbele ya juu kwa saa nyingi. Meno ya mbele ya chini husalimika zaidi, kwa sababu ulimi huyafunika na mate humiminika karibu nayo. Ndiyo maana daktari akiona meno ya juu yameliwa na ya chini ni mazima, mara nyingi swali lake la kwanza ni hili: mtoto hulalaje?

Jino la utoto halina akiba kubwa. Enameli yake, yaani ganda gumu la nje, ni nyembamba kuliko ya jino la ukubwani, na kiini chenye mishipa kiko karibu. Mstari mweupe huweza kugeuka doa la njano, kisha kahawia, kisha tundu, ndani ya miezi michache. Kinachofuata ni maumivu ambayo mtoto mdogo hawezi kuyaeleza. Huanza kutafuna upande mmoja, hukataa chakula kigumu, huamka usiku akilia, na uzito wake huweza kushuka. Usaha ukikusanyika chini ya jino, shavu huvimba, na maambukizi huweza kusambaa usoni na shingoni yakahatarisha maisha. Wengine hulazimika kung'olewa meno kadhaa kwa pamoja chini ya nusukaputi, jambo ambalo hakuna mzazi angelichagua kwa mtoto wa miaka mitatu.

Hoja inayowatuliza wengi ni kwamba hayo ni meno ya utoto, yataanguka tu. Ni kweli yataanguka, lakini si kesho. Meno ya mbele huanza kung'oka mtoto akiwa na miaka 6 au 7, ilhali magego ya utoto, ambayo mengine huota kabla ya mwaka wa pili, hutumika mpaka miaka 10 hadi 12. Gego lililooza likiwa na mwaka mmoja bado lilikuwa na kazi ya kutafuna kwa karibu miaka kumi, na ya kulitunzia nafasi jino litakalolirithi. Likitoka mapema, majirani zake husogea na jino la ukubwani huota kombo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika kinywa cha mtoto ufa huo ni mstari mweupe.

Madoa yote ya meno hayana asili moja. Katika baadhi ya maeneo ya Arusha na Kilimanjaro, na kwingineko katika Bonde la Ufa, maji ya asili yana floraidi nyingi kupita kiasi, nayo huacha mistari myeupe au rangi ya kahawia, hasa kwenye meno ya ukubwani. Madoa hayo hutapakaa juu ya jino na mara nyingi hufanana katika meno ya kulia na ya kushoto. Hayafuati ukingo wa ufizi peke yake. Mzazi asiye na hakika amwonyeshe mtoto kwa daktari wa meno, na wanaoishi maeneo hayo wamuulize pia ni dawa gani ya meno inayomfaa mtoto wao.

Fangasi na bakteria wakishirikiana

Kwa muda mrefu fangasi wa ulimini na bakteria wa menoni walitazamwa kama wakazi wa kinywa kimoja wasiojuana. Tafiti za miaka ya karibuni zimeibadilisha picha hiyo. Watoto wengi wenye meno yaliyooza vibaya hukutwa na Candida albicans kwa wingi ndani ya ukoga wao. Mwaka 2014 watafiti nchini Marekani walionyesha jinsi wawili hao wanavyosaidiana: palipo na sukari, kimeng'enya cha Streptococcus mutans hujibandika juu ya fangasi na kutengeneza gundi inayoufanya ukoga uwe mnene na mgumu kuondoka. Panya wa maabara waliopewa viumbe hao wote wawili waliozwa na meno vibaya zaidi kuliko waliopewa mmoja tu.

Matokeo hayo hayamaanishi kwamba kichanga aliyepata utando wa fangasi lazima ataozwa na meno. Yanachoonyesha ni kwamba wote wawili huinufaikia sukari, na kwamba kinywa kinachotunzwa tangu uchangani huwanyima wote wawili makazi. Bakteria wa meno nao hufika kinywani mwa mtoto mara nyingi kutoka kwa walezi wake, kwa kuonja kijiko chake au kumtafunia chakula. Kwa hiyo meno ya mama yanayotibiwa wakati wa ujauzito, na mswaki wake anaoutumia kila siku, ni sehemu ya kinga ya mtoto ambaye bado hajaota jino hata moja.

Yanayowezekana nyumbani

Kabla meno hayajaota, kitambaa laini na safi kilichochovywa katika maji yaliyochemshwa na kupoa hutosha kupitishwa taratibu kwenye fizi. Lengo ni kumzoesha mtoto, wala si kukwangua chochote. Jino la kwanza linapochomoza, kwa kawaida karibu na miezi 6, mswaki laini huanza kazi. Dawa ya meno iwe na floraidi, na kwa mtoto wa chini ya miaka 3 kiasi chake kisizidi ukubwa wa punje ya mchele. Kuanzia miaka 3 hadi 6 kiasi cha punje ya njegere kinatosha. Apigwe mswaki mara mbili kwa siku na mtu mzima, kwa kuwa mikono ya mtoto haina ustadi huo mpaka afikishe miaka 7 au 8. Njia rahisi ni kumlaza kichwa chake kikiwa mapajani mwa mlezi, ili kinywa kionekane vizuri. Mswaki wa usiku ndio muhimu zaidi, na baada yake kisifuate kitu chochote isipokuwa maji.

Maziwa ya mama hayapaswi kushukiwa. WHO hushauri mtoto anyonyeshwe maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 na aendelee kunyonya mpaka miaka 2 au zaidi, na ushauri huo hautenguliwi na meno. Mtoto aliyevuka mwaka mmoja, ambaye hunyonya mara nyingi usiku huku akila vyakula vyenye sukari mchana, huongezewa hatari. Kinachotakiwa ni kumsafisha meno kabla ya kulala na kumpunguzia sukari, wala si kumwachisha titi kabla ya wakati. Chupa ya usiku, kama ipo, iwe ya maji matupu, na mtoto anayekaribia mwaka mmoja afundishwe kunywa kwa kikombe.

Uji hauhitaji sukari ili uwe na ladha. Ndizi mbivu iliyopondwa au maziwa hutosha, na ulimi usiozoeshwa utamu hauudai. Mwongozo wa WHO wa mwaka 2023 kuhusu ulishaji wa watoto wa miezi 6 hadi 23 unasema vinywaji vilivyotiwa sukari visitolewe kabisa katika umri huo. Soda, juisi za pakiti, na pipi za kumnyamazishia mtoto anayelia vyote vimo katika katazo hilo. Dawa za maji zenye sukari zitolewe kama zilivyoandikwa, kisha mtoto anyweshwe maji.

Mara moja kwa mwezi, pengine siku ya kumpima uzito, mzazi amketishe mtoto penye mwanga na kuuinua mdomo wake wa juu. Kazi hiyo haichukui hata nusu dakika. Akiona mstari wa chokaa, ajue kwamba ameuwahi ugonjwa ukiwa bado unarudishika: kwa floraidi, mswaki na kupunguza sukari, madini yaliyoyeyuka huweza kurejea na jino likawa gumu tena.

Tundu likishatokea, bado kuna la kufanya. Katikati ya miaka ya 1980, hapa Tanzania, wataalamu wa shule ya udaktari wa meno ya Dar es Salaam walianza kutumia mbinu ya kuziba meno bila mashine ya kukerezea na bila umeme. Uozo laini huondolewa kwa vifaa vya mkono, na tundu huzibwa kwa saruji maalumu inayoshikamana na jino na kutoa floraidi. Mbinu hiyo ilienea duniani, na mwaka 1994 WHO ikaihimiza. Ipo pia dawa ya maji yenye madini ya fedha na floraidi, ambayo hupakwa kwenye tundu na kuusimamisha uozo. Huacha rangi nyeusi, lakini haihitaji sindano wala kukereza. Mwaka 2021 dawa hiyo, ile saruji na dawa ya meno yenye floraidi ziliingizwa katika orodha ya WHO ya dawa muhimu. Hofu ya mashine na sindano haina haja tena ya kumzuia mzazi asimlete mtoto mapema.

Benchini

Zamu ya familia ile inafika. Muuguzi anamwamkia bibi, “Shikamoo, bibi,” naye anajibiwa, “Marahaba, mwanangu.” Anakichunguza kinywa cha kichanga kwa tochi. Utando ni wa fangasi, na dawa yake ipo. Vile vinavyong'aa ufizini ni lulu za uchanga, wala si jino, si plastiki, na hazihitaji fundi. Anamwomba bibi asisugue tena. Bibi anauliza kama dawa itatosha bila kusuguliwa, na anapoonyeshwa namna ya kuidondosha pande mbili, anaomba ajaribu mwenyewe, kwa kuwa ndiye atakayekesha na mtoto.

Kisha muuguzi anamgeukia yule mkubwa aliyesimama na chupa yake. Anampigia magoti, anamwomba acheke, na kwa kidole gumba anauinua mdomo wake wa juu. Mstari wa chokaa upo kwenye meno manne, na kwenye jino moja doa la kahawia limeshaanza. Mama anainama kutazama. Hajawahi kukitazama kinywa hiki hivyo. Meno yalipoota kila mtu alifurahi, kisha yakasahauliwa.

“Yataanguka, si ndiyo?” mama anauliza.

“Yataanguka, mama, lakini baada ya miaka minne kwa haya ya mbele, na karibu kumi kwa yale ya nyuma,” muuguzi anajibu. “Tuliyoyaona leo bado yanarudishika. Tukingoja mpaka alie usiku, tutakuwa tumechelewa.”

Wanapoondoka, mama amebeba chupa ndogo ya nistatini na karatasi ya rufaa ya kwenda kwa daktari wa meno. Juisi imemwagwa, na chupa ya mtoto mkubwa imejazwa maji. Analia kidogo, anaionja, kisha anainywa.